Tupeane uzoefu: RoboCop, Godzilla na muvi nyingine za kale za kisayansi, zirudiwe au ziachwe?

Mwana Makorora (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wenzangu salama?

Ugomvi ulianza juzi usiku Ngamiani, hapa Tanga, kwenye kahawa. Kijana mmoja aliyekuja likizo akasema RoboCop ni muvi ya 2014. Mzee muuza kahawa alikuwa anamimina, akalisimamisha dele hewani. "Ya mwaka gani?" Kijana akarudia. Tulibishana mpaka kashata zikaisha, na sidhani kama kuna aliyekumbuka kulipa.

Naanza na yangu. RoboCop ninayoijua ni ya 1987, ya Paul Verhoeven. Sisi tuliiona miaka ya tisini kwenye kibanda cha video Makorora, magunia ya mkonge yametundikwa madirishani kuzuia mwanga, joto unalipata la kutosha. Sheria mnaijua: steringi hafi. Sasa muvi haijakolea vizuri, Murphy, yule polisi steringi, anapigwa risasi kiganja kinaruka, mkono unafuata, wanammalizia na ya kichwa. Kibanda kimya. Jamaa mmoja akasimama kudai hela yake, kauziwa muvi mbovu, steringi kafa mwanzoni. Mwenye kibanda akamwambia, "Kaa chini, anarudi."

Akarudi, lakini chuma kitupu, hajui hata jina lake. Kuna pahala anaingia nyumba aliyokuwa akiishi. Mke kahama, mtoto kahama, nyumba inauzwa, na yeye anatembea humo vitu vinamjia kidogo kidogo. Mimi nililia gizani nikasingizia jasho.

Hiyo ya 2014 niliitafuta mwenyewe. Murphy analipuliwa na bomu la kwenye gari, akiamka anajijua, mke anajua, mtoto anajua. Suti nyeusi, pikipiki, mwendo mzuri. Nakiri kuna sehemu moja kali: wanamfungulia vile vyuma aone kilichobaki kwake, uso, mapafu, kiganja kimoja. Ya zamani haina hiyo. Lakini mtu aliyekuwa anatafuta kama aliwahi kuwa mtu, ukimpa kumbukumbu zake tangu mwanzo anatafuta nini tena?

Msimamo wangu: muvi iliyofanikiwa iachwe. Irudiwe ile iliyokuwa na wazo zuri, utekelezaji ukaharibika. Karibuni, ila leteni mlichokiona kwa macho yenu.

Jodari wa Deep Sea

Mimi mtoto wa mvuvi, kwa hiyo nakuja na ya baharini.

Godzilla ya kwanza kuiona ni ya Kimarekani ya 1998, lile jijusi linalokimbia New York. Niliipenda, sitakana. Mwanzoni wanakuonyesha majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Wafaransa kule Polynesia, ndiyo yaliyomzaa mnyama. Nikaamini hivyo miaka.

Baadaye nikafanya kazi melini, jikoni, mwenzetu mmoja akawa nayo ile ya Kijapani ya 1954. Nyeusi na nyeupe. Inaanza na chombo baharini, mabaharia wamepumzika sitahani wanapiga gitaa, mara bahari inawaka. Jikoni hakuna aliyecheka, ingawa mnyama mwenyewe unaona wazi ni mtu kavaa gozi. Mwenye muvi akatueleza kisa. Machi 1, 1954 Wamarekani walilipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini. Majivu yakawaangukia wavuvi wa jodari wa Kijapani, boti yao ikiitwa Daigo Fukuryu Maru. Muvi ikatoka Novemba ya mwaka huohuo, watu bado wana msiba.

Sasa angalieni ujanja. Mwenye bomu alipoirudia muvi, kosa akamtwisha Mfaransa.

Nilimsimulia marehemu baba. Hakuuliza mnyama, hakuuliza bomu. Aliuliza, "Na wale jodari waliuzwa?" Nikamwambia wengine walishafika sokoni kabla watu hawajajua. Akatikisa kichwa, akaendelea kushona jarife.

2023 Wajapani wakamtengeneza upya wenyewe, Godzilla Minus One, na 2024 wakabeba Oscar ya picha za kompyuta mbele ya makampuni yenye fedha mara kumi yao. Kwa hiyo kurudia hakunisumbui. Naangalia nani anarudia, na anaficha nini.

(Halafu Tanga tusitishike na mnyama wa kale. Silikanti, yule samaki wa kale, dunia nzima ilidhani kamalizika tangu enzi za dinosaria, sisi kuanzia 2003 ananaswa kwenye majarife yetu, mpaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Huyo hakurudiwa, alikuwepo tu.)

Mpiga Baiskeli

Total Recall. Ya 1990 Arnold anakwenda sayari ya Mars. Ya 2012 hakuna Mars, wanapanda lifti inayopita katikati ya dunia kutoka Uingereza kwenda Australia. Nimemaliza.

Bi Chumbageni

Kaka zangu, nitaandika ndefu kidogo mnivumilie.

Nilikuwa darasa la sita. Kaka yangu mkubwa alikuwa baharia, akaleta deki ya video na kanda tatu, mojawapo The Fly ya 1986, ya David Cronenberg. Mwanasayansi ana mashine inayokutoa chumba hiki ikakutokezea kile. Anaingia mwenyewe, hajui kuna nzi kaingia naye. Akitoka, siku za kwanza ana nguvu ajabu. Halafu anaanza kubadilika. Kucha zinatoka, meno yanatoka, ngozi inaharibika, na anavihifadhi vipande vyake kwenye kabati la bafuni.

Wakati ule nyumbani tulikuwa na mjomba mgonjwa chumba cha uani. Miaka ile mnaikumbuka, ugonjwa hautajwi jina. Mjomba alikuwa na kikombe chake, sahani yake, kamba yake ya kuanikia. Majirani wakija wanasalimia kutokea mlangoni. Mtu mzima mwenye mwili, kapungua mpaka ukimtazama unatafuta sura yake uliyoijua.

Kwenye muvi kuna pahala mpenzi wa yule mwanasayansi anakuja kumtazama, sikio la mwanamume linadondoka mbele yake. Yeye hakimbii, anamkumbatia. Sisi watoto tulipiga kelele za kinyaa. Mama alikuwa anapita na kanga kichwani, akasimama, akatazama, akaenda zake uani. Nilimsikia anamwambia mjomba, "Sogea nikukalie." Alikaa naye kitandani mpaka magharibi.

Nilipokuwa mkubwa ndipo nikajua kwamba The Fly imerudiwa. Ya kwanza ni ya 1958. Nikaitafuta kwenye intaneti nikiwa na hamu kubwa. Mtu anageuka mara moja, kichwa cha nzi kafunika kitambaa, na mwishoni kuna kijinzi chenye kichwa cha mtu kinalia nisaidieni kwenye utando wa buibui. Nilicheka mpaka wanangu wakaja kuuliza. Haina ubaya, ni muvi ya wakati wake. Lakini ingekuwa kanda aliyoleta kaka ni hiyo, mama angepita tu.

Kwa hiyo kaka Makorora, kwa sheria yako The Fly isingerudiwa, maana ya 1958 ilipendwa na ikafuatiwa na nyingine mbili. Mimi siikubali sheria yako.

Mwana Makorora

Dada umenikalisha. Nimesoma mara mbili, ya pili nimesoma nimesimama nje. Mungu amrehemu mjomba.

Sheria nairekebisha, nipeni muda.

Kijana wa Likizo

Shikamooni. Mimi ndiye wa RoboCop 2014. Nimetumiwa uzi huu na watu wanne, asanteni kwa kunianika.

Naomba kujitetea. Wakubwa mnasema muvi za zamani, zamani, na ile The Thing ya 1982 ya John Carpenter, ya viumbe kwenye barafu, mnaiheshimu kama msahafu. Ile inatokana na hadithi ya 1938, na muvi ya kwanza ya hadithi hiyo ni ya 1951. Yenu pia ni ya kurudiwa! Tena ilipotoka haikufanya vizuri sokoni, kipindi hichohicho watu wamejazana kwenye muvi ya E.T. Nyie mmeipenda baadaye. Mnajuaje ya kwetu haitapendwa baadaye?

Uzoefu wangu ni Dune. Niliona ya Villeneuve ya 2021 kwenye laptopu bwenini, nikapagawa, nikarudi kuitafuta ya David Lynch ya 1984. Kitabu kizima wamekishindilia kwenye saa mbili na robo hivi, watu wananong'ona mawazo yao, sikuelewa nani mtoto wa nani. Villeneuve akakigawa, nusu 2021, nusu 2024. Hiyo ndiyo sheria ya mzee Makorora yenyewe, wazo zuri liliharibika. Kwa hiyo tuko pamoja, mnanigombeza nini?

Mpiga Baiskeli

Dogo ana hoja. Ila The Thing ya 2011 hujaitaja, umeiruka kama dimbwi.

Kijana wa Likizo

Ile nimeiruka makusudi. Walitengeneza viumbe vya kushikika kwa mikono, halafu wakavifunika kwa kompyuta. Siitetei.

Fundi Deki

Nawasoma tangu asubuhi mnasema "ile yenyewe", "ile yenyewe". Mliiona lini ile yenyewe?

Nilikuwa naendesha kibanda Mabawa. Kabla ya kanda zenye sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, kutufikia, nilikuwa na mtafsiri wangu, kipaza sauti mkononi, Kiingereza chake cha kuungaunga. Terminator ya 1984 kwangu ilikuwa hivi: lile limtu la chuma limetumwa na tajiri aliyedhulumiwa mali. Hakuna mambo ya kutoka wakati ujao, mtafsiri aliona yatawachosha watu. Kesho yake kuna mtu kamnunulia soda, akaongeza kwamba yule dada ni Msambaa. Watu walilipa tena kuja kusikia, muvi ileile.

Nilipokuja kuisikia kwa maneno yake, miaka imepita, nilikasirika. Nikaona nimeibiwa. Kumbe mwizi ni mimi.

Jodari wa Deep Sea

😂 Msambaa! Mimi niliiona kwako hiyo, na nimewasimulia wanangu hivyohivyo.

Bi Chumbageni

Fundi, hizo kanda bado unazo? Mtafsiri mlimrekodi?

Fundi Deki

Kumrekodi hapana, kila siku anaanza upya. Kanda zipo kwenye sanduku, ukungu wa pwani umezila nusu. Deki moja inakubali ukiisafisha kichwa kwa spiriti.

Mwana Makorora

Leo kwenye kahawa nimemsimulia mzee RoboCop ya 2014 mwanzo mpaka mwisho. Akanisikiliza, akauliza, "Akiamka, kasahau kwake?" Nikamwambia hajasahau, mkewe yupo, mtoto yupo. Akamimina kahawa, akasema, "Basi huyo kapata ajali tu."

Kijana analeta laptopu kesho baada ya isha. Fundi, na wewe njoo na deki.