Mvinyo mwekundu wenye gesi: nipoze kama mweupe au niache kama mwekundu?

Tumaini_K

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wanaoujua mvinyo huu.

Jumamosi nilikuwa na wageni sita na chupa mbili za Lambrusco, ule mvinyo mwekundu wenye gesi wa Italia, zote za aina ya Grasparossa di Castelvetro, zote secco, yaani kavu. Ya kwanza ililala kwenye friji usiku kucha, nikaitoa na kumimina papo hapo. Rangi ya zambarau iliyokolea, povu la waridi likapanda na kushuka taratibu, nikafurahi. Kuonja sasa! Harufu hakuna. Ulimi ukakauka, fizi zikashikwa na ukakasi kama nimetafuna maganda ya zabibu matupu. Mgeni mmoja aliweka glasi chini akaomba maji.

Nikajiambia huu ni mwekundu, kosa ni friji. Ya pili nikaiacha mezani, na chumba kilikuwa nyuzi 26 hivi. Nilipolegeza tu waya, kizibo kikaruka chenyewe na kama theluthi ya chupa ikaishia kwenye kitambaa cha meza. Uliobaki ulikuwa mzito, unanuka kilevi, na gesi ilikwisha kabla hatujafika nusu ya glasi.

Lebo inasema tu upozwe kabla ya kunywa. Upozwe mpaka wapi? Wageni wale wale wanarudi mwezi ujao na nataka waonje mvinyo huu ulivyo kweli, maana mimi mwenyewe niliwahi kuunywa ukiwa mzuri na sijausahau.

Kizibo

Pole sana Tumaini. Chupa zako hazikuwa na kasoro yoyote. Mvinyo huu unavutwa pande mbili, ndiyo maana unawasumbua wengi.

Gesi inataka baridi. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban asilimia 60 tu ya kaboni dayoksaidi ambayo yangebeba yakiwa nyuzi 4, na mvinyo unafuata mkondo huo huo. Ukipata joto, gesi inasukuma kizibo, na ukifungua inatoka kwa mkupuo. Ndiyo iliyokulowesha kitambaa.

Tanini nayo haitaki baridi. Hiyo inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na ndiyo inayoleta ukakasi uliousikia. Baridi kali inazima harufu ya matunda, inafifisha na utamu, kwa hiyo ukakasi na uchungu vinabaki peke yao ulimini. Mvinyo mweupe unavumilia friji kwa sababu kwa kawaida juisi yake haikuchachuka pamoja na maganda.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya nyuzi ni hili: chupa yako ina tanini kiasi gani? Hata Lambrusco si mmoja. Sorbara ni mwepesi, rangi yake inakaribia waridi, una ukali wa kuchangamsha na tanini kidogo. Huo nyuzi 8 hadi 10 unakaa vizuri kabisa. Grasparossa ndio mweusi na wenye tanini kuliko ndugu zake. Huo mimi siunywi chini ya 11, na kwangu unafunguka hasa kwenye 12 au 13. Salamino uweke katikati.

Hapo una nafuu moja. Lambrusco nyingi ni frizzante, yaani zenye gesi kidogo, na kwa sheria za Umoja wa Ulaya frizzante ina mgandamizo wa bar 1 hadi 2.5, wakati spumante, yenye gesi nyingi, inaanzia bar 3 na champagne inafika 5 au 6. Gesi ikiwa kidogo hivyo, nyuzi 12 hazitakuletea fujo. Shiraz ya mapovu kutoka Australia ni habari nyingine: tanini ipo na mgandamizo ni mkubwa. Ipoze hadi 10 uifungue kwa utulivu, halafu iache ipande yenyewe ndani ya glasi.

Msafiri_wa_Jioni

Naomba kudandia hapo hapo. Na ile tamu? Nina Brachetto d'Acqui.

Kizibo

Hiyo ipoze bila woga, nyuzi 7 au 8. Tanini yake ni ndogo, sukari ipo ya kutosha, na baridi ndiyo inayoizuia sukari isichoshe. Usishuke zaidi ya hapo tu, maana utaiua ile harufu ya waridi na stroberi, na Brachetto bila harufu hiyo haina cha kukupa. Lambrusco iliyoandikwa amabile (tamu kiasi) au dolce (tamu) nayo ipoze zaidi ya secco ya aina ile ile.

Bi_Zabibu

Nakubaliana na Kizibo kwenye sababu, ila kwenye namba nashuka kidogo. Tumaini, mwanangu, ukitaka uunywe kwenye 12, usiumimine ukiwa 12. Glasi yenyewe ina joto la chumba, mkono una joto, watu wanaongea. Mimina kwenye 10 au 11. Mvinyo uliozidi baridi unasubiriwa dakika chache, uliozidi joto tayari umeshapoteza gesi, na gesi hairudi.

Namna ya kufika hapo: ndoo, barafu na maji nusu kwa nusu, chupa izame hadi shingoni. Barafu tupu inagusa chupa hapa na pale, katikati kuna hewa; maji ndiyo yanayoikumbatia chupa yote. Chupa iliyokuwa na joto la chumba, ichungulie baada ya dakika 15. Kama imetoka kwenye friji, huhitaji ndoo, unahitaji subira. Friza achana nayo. Iko nyuzi 18 chini ya sifuri, ukisahau chupa humo mvinyo unaganda, unatanuka, na chupa inaweza kupasuka.

Chupa isimame wima saa kadhaa kabla ya kufungua, hasa zile zilizochachukia humo humo ndani, kwa ajili ya mashapo. Na glasi nyembamba ndefu weka kando. Tumia ya kawaida ya mvinyo mweupe, yenye tumbo kidogo, pua ipate nafasi.

Tumaini_K

Bi Zabibu shikamoo, na Kizibo asante sana. Nimerudi na majibu kwa sababu sikuweza kusubiri wageni.

Jana nilinunua Grasparossa ile ile, nikailaza kwenye friji, nikaifungua ikiwa nyuzi 5. Nilichomeka kipimajoto changu cha jikoni kwenye glasi, nikawa naonja huku naandika. Kwenye 6, ule ukakasi wa Jumamosi uleule. Kwenye 9 harufu ikaanza kuja, kama matunda meusi yaliyo nyuma ya mlango. Kwenye 11 mlango ukafunguka! Sijui niseme vipi: gesi bado inachoma ulimi taratibu, ule ukavu upo lakini sasa unashikana na tunda badala ya kupigana nalo. Nilikaa hapo muda mrefu. Kwenye 13 ulikuwa laini zaidi, povu likapungua, bado nilipenda. Kwenye 17 nikaanza kuunusa ule uzito wa chupa ya pili.

Chupa iliyobaki mezani ilichukua kama dakika 40 kutoka friji hadi 11, glasi ilichukua chini ya robo saa. Kwa hiyo wageni wakifika naitoa chupa, tunasalimiana, tunakaa, na saa ya kumimina itakuwa imefika. Kipimajoto nitakuwa nacho mfukoni.