Naomba ushauri: pampu ya sodiamu inachaguaje ioni?

Wakuu, nafundisha baiolojia kidato cha 5, swali la mwanafunzi limenikwamisha. Pampu hii, protini iliyo kwenye utando wa seli, hutoa nje ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu kwa ATP moja (molekuli inayobeba nishati), sawa. Lakini ndani ya seli potasiamu ni nyingi mara 10 hivi kuliko sodiamu, mbona potasiamu haizijazi nafasi zote za kushikia ioni kwenye pampu? Nimesoma kwamba pampu ikifunguka ndani, nafasi zake huipenda zaidi sodiamu, iliyo ndogo. Ikipachikwa fosfeti ya ATP, pampu hubadili umbo, ikafunguka nje na kuiachia. Mwenye njia rahisi ya kuchora hayo ubaoni anisaidie. Na uabaini, sumu ya mishale itokayo kwenye mti wa msunguti, huizuia pampu hiyohiyo; nianzie hapo, au nitawachanganya?