Kudai shule zifunguliwe wakati wa corona: tukusanyikeje?

Wakuu, wazazi wanataka kuandamana shule zifunguliwe. Tufanyeje tusiambukizane?

Jibu: Msiingie ukumbini, kaeni nje. Chora alama za chaki kila mita 2. Uwanja wa mita 20 kwa 20 utatosha watu 100 hivi. Kuimba na kupiga kelele hurusha matone mengi, na barakoa haizuii yote. Bebeni mabango, na kipaza sauti kisipokezanwe.

Jibu: Mkuu, uwanjani si tatizo sana. Watu hubanana wakitawanyika. Safu ya nyuma itoke kwanza.

Jibu: Mkidai “Fungueni shule” tu, mtajibiwa kwa ahadi tu. Daini vinavyopimika: madirisha yanayofunguka pande mbili, masomo kwa zamu, maji na sabuni. Barua ya madai igongwe muhuri na ofisi inayoipokea, nakala mbaki nayo.