Rotari imeniachia mistari kwenye boneti na alama ya kijivu pembeni. Nakosea wapi?

Mweusi_Tii:
Wakuu, habari za muda huu. Shemeji yangu kaniachia mashine yake ya polishi, rotari, aliyokuwa anaitumia kwenye boti. Gari langu ni jeusi, la miaka mingi, na likikaa juani utadhani limeoshwa kwa mchanga.

Jumamosi nikaanza na boneti. Nikafunga pedi ya manyoya, nikapaka kompaundi (polishi kali ya kukwangua), nikaweka namba 5 kama alivyoniambia shemeji. Kivulini iling'aa mpaka nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Kesho yake juani, aibu: mistari mipana inafuata kila nilipopitisha mashine, na mimi nikisogea nayo inasogea. Halafu kwenye mkunjo wa boneti, karibu na taa, pana alama ya kijivu kama ukubwa wa ukucha.

Mistari inatoka? Hiyo kijivu je? Au nimrudishie mtu mashine yake?

Klia_Nyembamba:
Pole mkuu. Hiyo kijivu ni praima, tabaka la chini ya rangi. Umemaliza klia, lile tabaka angavu la juu, ukamaliza na rangi yenyewe, na hakuna polishi ya kuirudisha. Pale dawa ni rangi tu.

Kwenye mikunjo na kingo rangi hukaa nyembamba kuliko katikati. Pedi ikipita hapo haikai bapa, kwa hiyo nguvu yote na joto lote vinaangukia kwenye mstari mmoja. Klia ya kiwandani mara nyingi ni maikroni 40 hivi, na gari lako si jipya, huenda limeshapigwa polishi kabla yako. Siku nyingine funika kingo zote kwa tepu ya karatasi kabla hujawasha mashine.

Mistari ni hologramu. Hiyo inatoka, usiwe na wasiwasi.

DA_Daima:
Rudisha mashine, tafuta mashine ya polishi aina ya DA. Kesi imekwisha.

Mzee_wa_Sponji:
DA_Daima, taratibu basi. DA inazunguka huku inatikisika, ndiyo maana haiachi hologramu kirahisi na ni vigumu kuunguza nayo. Kwa mwanafunzi ni salama zaidi, sibishi. Lakini mtu ana rotari mkononi, kwa nini asijifunze?

Mweusi_Tii, kosa lako limeanzia kwenye boti. Boti ya faiba haina klia kama ya gari, ina gelikoti, tabaka gumu la nje la faiba, na unene wake hufika nusu milimita, yaani maikroni 500. Shemeji alikuwa na akiba zaidi ya mara kumi ya uliyonayo wewe. Manyoya na namba 5 kwake ni sawa kabisa. Kwako ni kunyoa nywele kwa panga.

Usiziamini namba za kwenye swichi, soma kitabu cha mashine ujue kila namba ni mizunguko mingapi kwa dakika. Nyingi zinaanzia karibu 600 na kuishia 3000. Mimi nasambaza polishi kwenye 600, nafanya kazi kati ya 1000 na 1500, sipandi zaidi ya hapo kwenye gari. Uzito wa mashine unatosha, usiikandamize. Chukua eneo la sentimita 50 kwa 50, kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia, na mkono usisimame hata kama simu inaita. Waya wa umeme upitishe begani, mimi ulishanichora mlango mzima.

Kila baada ya mipito michache gusa bati kwa mgongo wa kiganja. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuuacha mkono pale, umechelewa kuacha. Bampa za plastiki ndizo za kuogopa zaidi, maana joto halina pa kukimbilia kama kwenye bati.

Mweusi_Tii:
Sikujua kabisa hilo la boti! Sasa hologramu naitoaje?

Klia_Nyembamba:
Hizo ni mikwaruzo midogo midogo ya nyuzi za manyoya, yote imelala upande mmoja kwa sababu rotari inazunguka tu. Fuata na pedi ya sponji laini, safi, na polishi nyepesi, mwendo wa chini. Sponji likishajaa mabaki lisafishe kwa brashi, la sivyo unasugua kwa uchafu wako mwenyewe.

Ukimaliza eneo, futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji kisha mulika kwa tochi. Mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo na kuificha. Huo ndio mng'ao uliomwonyesha mkeo.

Kabla ya kurudi kwenye gari, omba boneti mbovu kwa fundi. Unguza ukingo wake kwa makusudi. Ukishaiona rangi inavyofifia kabla ya kuisha, hutaisahau.

DA_Daima:
Na mkwaruzo ambao ukucha unakwama, uache. Ukiufukuzia unatoboa klia.

Mweusi_Tii:
Mrejesho wakuu. Nilipata boneti ya zamani, nikaichakaza jioni mbili. Kwenye mkunjo nilihesabu sekunde chache tu, tayari kijivu. Jana nikarudi kwenye gari na sponji laini, mizunguko 1200, kingo zote zimefunikwa tepu. Nimefuta kwa spiriti, nimelitoa juani: hologramu hakuna, isipokuwa kipande kimoja karibu na kioo ambako mkono ulikuwa umechoka. Mikwaruzo mirefu bado ipo, nimeiacha.

Ile alama ya kijivu naweza kuisubirisha?

Mzee_wa_Sponji:
Kama ni praima na bati halijaonekana, si jambo la dharura. Ila usikae nayo muda mrefu, praima haikuumbwa kukaa wazi kwenye mvua. Tafuta rangi ya kugusia yenye namba ya rangi ya gari lako, paka kwa brashi ndogo tabaka jembamba jembamba, kisha klia juu yake. Itaonekana ukiinama. Na pale rotari isipite tena.

Mweusi_Tii:
Sawa mzee. Shemeji kaanza kuiulizia mashine yake.