Gazeti lasema biashara zimefufuka, duka langu bado limelala. Nikope nijaze stoo au nitulie?

Mama Sare (Mombasa), 8 Agosti 2020

Assalam aleikum na habari za kwenu wote.

Nina kiduka cha sare za shule karibu na Marikiti, huu mwaka wa tisa. Cherehani nne, ovaloki moja, na mafundi walikuwa watatu, sasa kabaki mmoja namlipa kwa kipande. Tangu shule zifungwe Machi sijauza sweta hata kumi. Aprili barakoa zilitubeba: shilingi 50 moja, na watu wanangoja nje tumalize kushona. Kufika Juni kila mwenye cherehani kawa mshona barakoa, zinauzwa 20 kwenye mkokoteni, na mimi nina gunia zima chini ya meza. Mei walipofunga Mji wa Kale, wateja wangu wengi walikaa ndani mwezi mzima. Kisha Julai waziri akatangaza shule ni Januari 2021. Siku ile nilifunga duka saa nane mchana nikaenda zangu nyumbani.

Sasa wiki hii magazeti yameandika kuwa biashara Kenya zimepanda Julai, kipimo cha biashara cha benki ya Stanbic kimefika 54.2, cha juu kuliko miezi yote ya korona. Haikupita siku mbili mwenye nyumba kanipigia. Tangu Aprili alikuwa akichukua nusu kodi, Mungu amjazie. Anasema: "Mama, si umeona biashara zimerudi? Septemba nataka kodi kamili." Muuzaji wangu wa jumla wa Mtaa wa Biashara naye kasoma habari hiyohiyo. Ananiambia nichukue majora 30 sasa kwa 250,000, kwani Januari kila mtu atakimbilia kitambaa na bei itaruka.

Benki imekubali kunipa hizo 250,000 kwa miezi 24, riba 13%. Marejesho ni karibu 12,000 kwa mwezi, yanaanza Septemba. Nyinyi mnaoelewa mambo haya, hiyo 54.2 ni kweli? Na kama ni kweli, kwangu itafika lini?

Hesabu Kali

Dada, ni kweli, ila haisemi anachokisema mwenye nyumba wako.

Kile kipimo kinatokana na kuwauliza mameneja wa kampuni kama 400 za binafsi: mwezi huu umezalisha zaidi ya mwezi uliopita, sawasawa, au pungufu? Oda mpya je? Wafanyakazi je? Majibu yakichanganywa, 50 maana yake hakuna kilichobadilika. Juu ya 50, waliopanda ni wengi kuliko walioshuka. Hakiulizi umepanda kwa kiasi gani, na hakikulinganishi na Februari. Kinakulinganisha na mwezi wa jana tu.

Aprili kilikuwa 34.8, Mei 36.7, Juni 46.6. Yaani miezi yote mitatu watu walikuwa bado wanateremka, Juni ikiwa wanateremka polepole. Julai ndiyo wameanza kupanda. Sasa chukua mfano: Februari uliuza sare 100, Aprili 20, Mei 18, Juni 17, Julai 25. Ukiulizwa, utasema Julai imepanda, na hukudanganya. Lakini uko robo ya Februari.

Na Julai ilikuwa lazima ipande. Tarehe 7 walifungua Nairobi na Mombasa, tarehe 13 treni ya abiria ikarudi. Mtu aliyefungiwa miezi mitatu akifunguliwa mlango, hata kununua soda tu anaonekana kafanya biashara.

Jambo la pili, mkopo. Nafuu ya kupangiwa upya marejesho iliyotangazwa Machi ni ya mikopo iliyokuwa ikilipwa vizuri kufikia 2 Machi. Wako utakuwa wa Agosti, haumo. Na ule msamaha wa kutopelekwa CRB, wanakoandikwa walioshindwa kulipa mikopo, ulikuwa wa miezi sita kuanzia Aprili, kwa hiyo unaisha Septemba, mwezi wako wa kwanza wa kulipa. Hadi mtoto wa kwanza aingie dukani Januari utakuwa umeshatoa 48,000. Kutoka wapi?

Diani Boy

Mimi nampinga Hesabu Kali kidogo. Nasambaza mashuka na taulo kwenye mahoteli huku Kusini. Wikendi ya Idi ya kuchinja watu wa Nairobi walijaa, mara ya kwanza tangu Machi kuona magari yamepangwa vile. Tangu tarehe mosi ndege za nje zimeruhusiwa. Atakayengoja uhakika atakuta wenzake wameshashika wateja. Dada, kama una cherehani nne zimelala, shona sare za mahoteli. Chukua mkopo, lakini si kwa majora ya shule.

Mama Sare

Diani Boy, nilishona za hoteli moja mwaka juzi. Malipo yalikuja baada ya miezi mitano. Wakati ule nilikuwa na sweta za kunishikilia.

Diani Boy

Hapo sikubishii. Mimi mwenyewe nadai tangu Februari.

Binti wa Tanga

Poleni jirani zetu. Kwetu shule zilifunguliwa 29 Juni, watoto wanasoma. Huku ni shati jeupe na bluu, na wazazi walinunua. Huwezi kuleta huku ulichonacho?

Mama Sare

Ningependa, mdogo wangu. Ila sketi zangu ni za kijani na maruni na za mirabaraba, kila shule na yake. Nani atavaa Tanga? Na mpakani Lunga Lunga tangu Mei inapita mizigo tu, madereva wanapimwa. Kwa gunia moja la sketi si nitakula hasara ya nauli.

Toroli

Mwenye nyumba akisoma gazeti kodi inapanda. Aprili alipolisoma iliposema 34.8, mbona hakukuita akupe bure?

Babu Cherehani

Mwanangu, nimeshona sare tangu kabla wewe hujazaliwa, labda. Nikuulize: hiyo stoo uliyonayo imekatwa au haijakatwa?

Desemba 2007 nilikata sare 200 za shule moja, zote tayari kushonwa. Uchaguzi ukaharibika, Januari nusu ya wale wazazi walikuwa wamehama mji. Zile sare nilikaa nazo miaka miwili, nyingine nikageuza mifuko. Jora lisilokatwa unaweza kumuuzia fundi mwenzio hata kesho. Ukishatia mkasi limekuwa la shule fulani, darasa fulani, kiuno fulani.

Na kuna jambo hamjalitaja. Shule imefungwa, mtoto hajafungwa kukua. Huyu aliyeacha Machi akivaa namba 26, Januari anataka 30. Saizi ndogo ulizonazo usizihesabu kama pesa za Januari, labda kwa wanaoanza darasa la kwanza. Kwa hiyo hata ukikopa, utajuaje ukate nini?

Mama Sare

Shikamoo Babu. Zimekatwa nyingi, na nyingi ni 24 na 26. Umenitoa usingizi.

Je, kodi? Kamili ni 18,000.

Hesabu Kali

Usimwendee na maneno, mwendee na daftari. Mauzo ya Februari hadi Julai, mwezi kwa mwezi, mbele ya macho yake. Mwombe nusu hadi Desemba, na kinachobaki mgawanye uanze kukilipa Februari. Mwandikiane. Mwulize pia, kwa adabu, fremu ngapi pale mtaani zina kufuli sasa hivi. Anajua.

Muuzaji wa jumla, mwambie akuwekee majora matano kwa malipo ya kidogokidogo. Mwaka huu wa 2020, kwa sababu ya korona, kutuma M-Pesa hadi 1,000 ni bure, mtumie elfu elfu kila ukipata. Akikataa, ujue naye ana haja ya pesa leo kuliko hofu ya bei ya Januari.

Mama Sare, 17 Oktoba 2020

Nimerudi, maana naona uzi bado unasomwa.

Mkopo sikuchukua. Mwenye nyumba alilitazama daftari, akageuza kurasa mara mbili, akasema nimpe 12,000. Si nusu, lakini si 18,000. Majora matano nimemaliza kulipa wiki iliyopita, kwa bei ileile ya Agosti.

Jumatatu wamerudi darasa la nne, la nane na kidato cha nne. Nikasema leo ni leo. Mzazi wa kwanza kaingia na mfuko, nikadhani anataka mpya. Katoa suruali ya mwanawe wa darasa la nane: "Mama, nikunjulie upindo." Wa pili vilevile. Hadi jana nimekunjua 43, shilingi 50 kila moja, na nimeuza mashati sita mapya. Fundi wangu wa pili nimemwita arudi kwa siku tatu kwa wiki.

Babu, swali moja. Pale upindo wa zamani ulipokuwa, mstari unabaki unaonekana kabisa, hasa kwenye bluu. Unautoaje?

Babu Cherehani

Kama ni mkunjo, lowesha kitambaa kwa siki na maji, weka juu yake, piga pasi ya moto. Kama ni rangi iliyofifia kwa jua, hautoki. Pitisha utepe mwembamba wa rangi ya shule juu yake, na utepe uulipishe mbali.