Tupeane uzoefu: Tela la kuchomelea linalorukaruka, ulilituliza vipi?

Mwanzisha mada, Ilula

Wakuu, heshima kwenu. Mada hii ni ya wenye matela madogo yaliyochomelewa mtaani: ekseli moja (mtaimbo unaobeba magurudumu), chesisi (fremu ya chini) ya chuma cha chaneli au anglaini, linavutwa na pikapu. Kila ninakopita kilio ni kilekile. Likijaa linatulia. Likiwa tupu au na mzigo nusu linaruka kwenye kila tuta, tairi zinaachana na barabara, nyaya za taa zinakatika, na kona za chesisi zinaanza kupasuka pale zilipochomelewa. Kwetu sisi wa nyanya hasara inaonekana sokoni, matenga ya chini yakifunguliwa. Naomba kila mtu aeleze alichofanya kwa tela lake mwenyewe na alichokiona baada ya hapo.

Naanza mimi. Langu limejengwa juu ya ekseli ya nyuma ya Hilux ya zamani, pamoja na springi zake. Ekseli ni nzuri sana, ila springi zile zilitengenezwa zibebe bodi ya pikapu na shehena yake juu. Matenga machache hayazisumbui hata kidogo, kwa hiyo kila kishindo cha barabara kinapanda moja kwa moja kwenye mzigo. Ni springi za majani, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Tulitoa majani mawili ya katikati kila upande. Jani refu la juu lenye macho (matundu ya pini kwenye ncha) haliguswi. Lile nene la chini nililiacha pia, maana linaanza kufanya kazi mzigo ukishakuwa mzito. Tofauti niliiona siku hiyohiyo kwenye matuta ya kijijini: tela linapanda na kushuka, halirushwi. Bei yake ni kwamba lumbesa za viazi hazipandi tena humo. Uwezo umepungua, na anayeazima lazima aambiwe.

Fundi wa gereji, Mbeya

Mkuu umeeleza vizuri, lakini kabla ya kufungua majani naomba watu walale chini ya tela wachungulie ncha za springi. Springi ya majani ikikandamizwa inanyooka, na ikinyooka inakuwa ndefu zaidi. Ule urefu unaoongezeka lazima upate pa kwenda. Ndiyo kazi ya sheko, kile kiungo kinachocheza kati ya springi na chesisi: ncha ya mbele inafungwa kwa pini, ya nyuma inaning'inia kwenye sheko ili icheze.

Matela mengi yanayoletwa kwangu yamefungwa ncha zote mbili kwa pini, au ncha ya nyuma imechomelewa kabisa kwenye chesisi. Hapo springi ni pambo. Haiwezi kunyooka, na jani la juu linakatika karibu na jicho. Kuna tela la kubebea matofali lililokuja likiwa limeshatolewa majani matatu na bado linaruka. Tulikata bano (kishikizo) la nyuma, tukaweka sheko na bushi, tukarudisha jani moja. Mwenyewe akalivuta tupu hadi Uyole, akanipigia simu kuuliza nimeweka nini.

Angalia na mwelekeo wa sheko. Tela likiwa na mzigo wake wa kawaida, sheko isimame au iinamie nyuma kidogo. Ikilala kabisa hadi kugusa chesisi, umefika mwisho wa mchezo wake.

Mwalimu wa fizikia, Morogoro

Nichangie kipimo rahisi, maana mjadala huu huwa unakwenda kwa kukisia. Inua chesisi kwa jeki mpaka magurudumu yaning'inie, upime kutoka ekseli hadi chesisi. Shusha, pakia mzigo wako wa kawaida, upime tena. Tofauti ya vipimo hivyo inakupa picha nzuri ya jinsi springi ilivyokandamizwa. Ikiwa ni sentimita 1 tu, mwendo wa asili wa tela ni kama mitikisiko 5 kwa sekunde, na huo ndio unaopasua matenga. Ikiwa sentimita 4, inashuka hadi mitikisiko 2 na nusu. Ukitaka kuipunguza mitikisiko kwa nusu, springi lazima ishuke mara nne ya ilivyokuwa ikishuka.

Na majani: kwa majani yenye unene sawa, ugumu unapungua takriban kwa uwiano wa idadi. Ukitoa 2 kati ya 7 umepunguza ugumu kwa karibu asilimia 29. Unene lakini una nguvu kubwa zaidi, kwani jani lenye unene mara mbili ni gumu mara nane. Ndiyo maana jani moja nene la lori linaharibu kazi ya majani yote membamba.

Mimi mwenyewe kwenye tela la shule nilitoa majani, likawa laini, ila likawa linaendelea kunesa baada ya tuta. Springi ikilainishwa inahitaji kitu cha kuizuia. Tukafunga shokapu za nyuma za gari dogo, zilizotumika ila hazivuji. Juu kwenye chesisi, chini karibu na gurudumu, zimeinama kidogo kuelekea ndani. Muhimu: tela likiwa na mzigo wa kawaida, shokapu iwe katikati ya urefu wake. Ikifungwa ikiwa imejikunja karibu yote, shimo la kwanza linaivunja. Sasa ukikandamiza kona na kuachia, linapanda mara moja na kutulia.

Mkulima wa mpunga, Mbarali

La kwangu ni la pawatila (trekta dogo la magurudumu mawili), halina springi kabisa, ekseli imefungwa kwenye chesisi. Ninachofanya ni kupunguza upepo wa tairi likiwa tupu na kujaza likiwa na magunia, na siendi mbio. Kwa mwendo wa pawatila inatosha. Nimeona vijana wanayafunga matela haya nyuma ya pikapu na kuingia lami. Jamani, hayakujengwa kwa mwendo ule.

Mfugaji, Singida

Langu linabeba tanki la maji la lita 1,000. Tatizo langu lilionekana kama kuruka, kumbe lilikuwa jingine: tanki likiwa nusu, maji yanakimbia mbele na nyuma, pua ya tela (ncha ya mbele inayofungwa kwenye gari) inainuliwa na kushindiliwa kwenye ndoano ya gari. Nilishughulika na mambo mawili. Tanki nililisogeza mbele kidogo ya ekseli. Halafu nikapima uzito wa pua kwa mzani wa magunia, nikautaka uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela na mzigo. Pua ikiwa nyepesi mno, tela linayumba kushoto na kulia gari likikolea mwendo, na hilo ni la hatari kuliko kuruka. Siku hizi nalijaza tanki au nalivuta tupu.

Mbongo wa Minnesota

Huku nako ni yaleyale, wakuu. Ekseli inayopatikana kirahisi kwa matela ya nyumbani ni ya kubeba ratili 3,500, karibu kilo 1,590, na tela langu tupu halifiki kilo 300. Mimi nabeba mashine ya kukatia nyasi na vifaa vyake tu. Nilibadilisha springi nikaweka nyepesi, na upepo wa tairi nikaushusha kutoka psi 50, ambayo ni ya mzigo kamili, hadi 30 kulingana na jedwali la mtengenezaji. Kisha nikaandika uzito mpya wa mwisho kwa rangi kwenye chesisi, karibu na ndoano, kila anayelifunga auone.

Mwanzisha mada, Ilula

Mbongo, hilo la kuandika uzito nalichukua leo. Fundi, nikitoa majani, yubolti za zamani (zile zinazobana springi kwenye ekseli) zinafaa?

Fundi wa gereji, Mbeya

Mara nyingi uzi wake haufiki, kwa sababu kifurushi kimepungua unene. Usijazie washa (vile vipete vya chuma), tafuta yubolti fupi zenye kipenyo kilekile. Kaza tela likiwa limekaa kwenye magurudumu yake, kisha ukalivute na mzigo, urudi ukaze tena. Majani yanajipanga upya safari ya kwanza, na yubolti ikilegea, senta bolti (ile inayoshika majani pamoja katikati) ndiyo inayobeba yote mpaka inakatika na ekseli inasogea nyuma upande mmoja.