Kidevu kifupi: niwekewe silikoni au nikatwe mfupa? Nipo Mbeya

Binti Mwanjelwa: Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Kidevu changu ni kifupi na kimerudi nyuma, nikipigwa picha ya ubavuni naona aibu. Nimejichanga, nimempata daktari Dar. Amenipa njia mbili: kuwekewa kipande cha silikoni mbele ya mfupa, au kukata mfupa wa kidevu na kuusogeza mbele. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Ipi nzuri?

Kijana wa Mafinga: Silikoni, dada. Wanapasua kidogo chini ya kidevu au ndani ya mdomo, wanaingiza, wanashona, mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Usipoipenda inatolewa. Mfupa ukishakatwa umekatwa.

Nesi wa Uyole: Binti, hujasema umri. Hujasema ukiuma meno ya juu na ya chini yanakutanaje. Hujasema umezaliwa hivyo au uliumia. Tukushauri nini bila hayo? Kama taya lote la chini limerudi nyuma, kusogeza kidevu peke yake kunabadilisha sura tu, kuuma kunabaki vilevile. Hapo unahitaji upasuaji wa taya zima, na kwa kawaida unatanguliza waya za meno kwa miezi mingi.

TukuyuMvua: Mmeruka ya tatu: fila, zile sindano za asidi ya hayaluroniki. Huingii thieta, na usipopenda kuna dawa ya kuiyeyusha. Ubaya wake haidumu, baada ya mwaka hivi unalipa upya. Mimi ningeanza nayo nione uso unavyokaa.

Mama Ludewa: Naomba niseme ya mdogo wangu, hospitali siitaji. Aliwekewa silikoni kwa kupitia ndani ya mdomo. Mwanzo alipendeza, sote tulimsifu. Baadaye upande wa kushoto ukaanza kuvimba, akawa anahisi chumvi mdomoni kila asubuhi. Akapewa vidonge, uvimbe ukashuka, vidonge vikiisha unarudi. Kumbe ni usaha. Kila mara apande basi kwenda kuonwa, na kila mara aambiwe avumilie. Mwisho kipande kikahama, kidevu kikapinda, kikabidi kitolewe. Daktari mwingine ndiye aliyetuambia kilikuwa kikubwa kuliko mfupa wake na hakikufungwa skrubu, na mfupa wa chini yake ulishaanza kulika. Mpaka leo pembe ya mdomo ina ganzi, chai inamchuruzika bila yeye kujua. Binti, usikubali mtu akuharakishe na mwisho wa mwezi wake.

Kijana wa Mafinga: Pole sana mama. Lakini ganzi hata kwenye mfupa ipo.

Nesi wa Uyole: Ipo, kweli. Mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini unatokea kwenye tundu karibu na magego madogo, na msumeno unapita chini yake. Wengi ganzi huisha kwa wiki au miezi, wachache inabaki. Ila mfupa ni wako mwenyewe. Unashikwa kwa kibati na skrubu za titani mpaka uunge, na unaweza kusogezwa mbele, kufupishwa, hata kunyooshwa kama umepinda. Mimi nipo upande wa mfupa.

Mkulima wa Makete: Binti yangu, Mungu hakosei. Hela hiyo pandia parachichi.

TukuyuMvua: Shikamoo mzee. Mbona waliozaliwa na mdomo sungura tunawapeleka wakashonwe, na hakuna anayesema Mungu kakosea?

Mkulima wa Makete: Marahaba. Yule anashindwa kunyonya. Huyu anakula vizuri.

Binti Mwanjelwa: Baba, sili vizuri. Nina miaka 24. Nikiwa mdogo nilianguka kwenye mparachichi nikapasuka kidevu, nikashonwa tu. Mdomo haufunguki sana, chapati naikata vipande vidogo. Na usiku nakoroma mno.

Nesi wa Uyole: Subiri kwanza! Vidole vitatu vikiwa wima vinaingia katikati ya meno ya mbele?

Binti Mwanjelwa: Viwili, kwa shida.

Nesi wa Uyole: Mtoto akiangukia kidevu, kiungio cha taya mbele ya sikio kinaweza kuvunjika bila mtu kujua. Kikija kushikana, taya linadumaa. Kwa hiyo kidevu kinaweza kuwa matokeo tu. Na wa nusu kaputi lazima ajue mapema, maana mpira wa kupumulia anaupitisha humohumo. Daktari alikupima mdomo?

Binti Mwanjelwa: Aliangalia picha nilizomtumia WhatsApp.

Mama Ludewa: Picha! Mwanangu, usitume hata shilingi.

Nesi wa Uyole: Anzia kitengo cha meno, Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo Mbeya, ueleze habari ya kuanguka. Wakiona inafaa watakuandikia Muhimbili kwa mabingwa wa kinywa na taya. Na upasuaji wa urembo bima hailipi, taya lisilofunguka ni ugonjwa. Kaulize.

Kijana wa Mafinga: Hapo nimekuelewa nesi. Ila kama kiungio ni kizima, bado nasema silikoni.

TukuyuMvua: Na kurudi je? Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, uso umevimba, basi linarusha. Apande ndege ashuke Songwe.

Mkulima wa Makete: Treni ya TAZARA, kama inatembea, ina vitanda. Atalala.

Binti Mwanjelwa: Ndaga fijo, asanteni sana wote. Nesi, picha ya hicho kiungio ni eksirei ya kawaida au CT? Nataka niende Jumatatu.